Kimya chako ndiyo faida ya mwizi: haki za mwanafunzi wa Kongo mwenye aliibiwa kwa enternete kule India

Maneno yenye yalisemwa mbele ya vijana wenye wanajitayarisha kwenda kusoma India, pamoja na familia zao

 

Leo sitasema juu ya viza wala juu ya tikiti ya ndege. Ile munaijua. Nataka tuongee kitu chenye hakiandikwe katika barua yenye iniversite ilikutumia: siku utanunua kompyuta ao telefone kwa enternete kule India, feza ziende na kitu kisifike, utafanya nini? Utaita nani? Sheria gani itasimama na wewe?

Kuna mwenye atauliza: "Sasa ile inaangalia harakati ya raia namna gani?" Inatuangalia sana. Hapa kwetu tunafundishana kudai maji, kudai barabara, kudai usalama. Tunasema kila siku kama haki haiombwe kama sadaka, inadaiwa. Basi kijana mwenye anajua kusema vile hapa, haifai afike Bengaluru ao Pune, wamuibie feza za miezi mitatu, halafu anyamaze eti "mimi niko mugeni".

Neno langu la leo ni hili moja. Kule India, sheria yenye inakulinda wakati unanunua haianze kwa kuuliza kama uko Muhindi. Inauliza kama uko mutu, na kama ulilipa. Lakini sheria ile haiamuke yenyewe. Inaamushwa na mutu mwenye anasema mapema na mwenye ushahidi uko mukononi mwake. Mwizi wa enternete anajua ile vizuri sana. Njo maana anapenda wageni: anahesabia haya yao, woga wao, na kimya chao.

Feza za nani?

Tuanze na feza, juu siye wote hapa tunajua zinatoka wapi. Feza zenye mwanafunzi anabeba si zake peke yake. Kuna mama mwenye aliuzisha parsele. Kuna mujomba mwenye alitoa likelemba yake mbele ya wakati. Tangu banki za Goma zilifunga milango mwisho wa mwezi wa 1, mwaka wa 2025, familia mingi za kule zinahangaika juu ya kutuma hata kidogo. Kwa hiyo wakati wanaiba mwanafunzi rupia 30,000, hawaibe yeye tu. Wanaiba nyumba muzima, na ile nyumba haina feza za kutuma mara ya pili.

Na hapo njo haya inaingia. Mutoto anasema: "Nitawaambia nini kwa nyumba? Watasema niko mujinga." Anafunga kinywa, anakopa kwa rafiki, anakosa kulipa minervali, anakosa kufanya mitihani. Ba-mama, ba-papa, ninawaomba kitu kimoja mbele ya ndege kupanda: muambie mutoto wenu, leo hii, kama siku wakimudanganya asiogope kuwaita. Saa moja yenye atapoteza kwa kuwaogopa nyinyi, mwizi ataitumia juu ya kuhamisha feza.

Namna wanaiba

Kule India, karibu kila kitu kinalipwa kwa telefone. Tangu 2016 wako na mutambo wenye wanaita UPI: unaonyesha telefone kwa ile picha ya miraba midogo yenye wanaita kode QR, unaandika namba yako ya siri, feza zinatoka kwa konti yako palepale. Muuza ndizi wa barabarani iko nayo. Ni mutambo muzuri. Lakini vile feza zinafika kwa muuzaji mara moja, vilevile zinafika kwa mwizi mara moja.

Njia zao si za kichawi. Zinarudilia.

Ya kwanza ni duka la uongo. Picha nzuri kwa Instagram ao WhatsApp, bei nusu ya bei ya soko, "lipa kwanza, tutakuletea kesho". Ukisha kulipa, wanakufungia njia ya kuwaandikia.

Ya pili ni vitu vya mutumba: pikipiki ndogo, frigo, kompyuta. Muuzaji anasema yeye ni askari wa jeshi la India, wamemuhamisha, anauzisha haraka. Anakutumia picha ya karta ya jeshi. Anaomba feza kidogo ya kusafirisha, kisha ingine ya asiranse, kisha ingine. Askari hayuko, na pikipiki haiko.

Ya tatu inagonga wale wenye wanauzisha. Umemaliza masomo, unauzisha kitanda chako. Munuzi anakutumia kode QR, anasema: "Piga hii kode, andika namba yako ya siri, feza zitaingia." Shikeni neno hili kama amri: namba ya siri ni ya kutosha feza, si ya kuingiza. Hakuna feza hata moja yenye inaingia kwako kwa sababu umeandika namba yako ya siri.

Ya ine ni namba ya uongo ya "huduma kwa wateja". Kitu chako kimechelewa, unatafuta namba ya kampuni kwa enternete, unaanguka kwa namba yenye wezi waliweka. Mutu anaongea na heshima yote, anakuomba uweke aplikasio yenye inamuonyesha ekra ya telefone yako. Pale umemupa funguo ya nyumba.

Ya tano ni ujumbe wenye kusema kifurushi chako kimefungwa, lipa rupia chache kwa kugusa hapa. Zile rupia chache hazimusaidie kitu. Anataka namba za karta yako.

Milango mitatu

Sasa tufike kwa sheria. Wengi wanapoteza wakati juu wanagonga mulango wenye si wao. Kuna milango mitatu, na kila moja iko na kazi yake.

Mulango wa kwanza: muuzaji ni wa kweli, lakini alikukosea. Ulinunua kompyuta, kukafika ya zamani. Ao ilifika imevunjika. Ao haikufika na hawataki kukurudishia. Hapa unatumikisha sheria ya kulinda wanunuzi ya mwaka wa 2019, yenye ilianza kufanya kazi mwezi wa 7, 2020. Sheria ile inaita munuzi kila mutu mwenye ananunua kitu kwa kulipa, na inasema wazi kama kununua kwa enternete kunahesabiwa pia. Haisemi "raia". Inasema "mutu". Kuna kitu kimoja tu cha kuangalia: haimulinde mutu mwenye ananunua juu ya kuuzisha. Ukinunua telefone kumi za kuleta Lubumbashi, uko mufanya biashara, sheria hii si yako.

Mwezi uleule wa 7, 2020, serikali ya India ilitoa kanuni za biashara ya enternete. Kila soko la enternete linaombwa kuwa na mutu wa kupokea malalamiko, na jina lake lionekane. Anapaswa kukujibu kama amepokea katika saa 48, na kumaliza jambo katika mwezi moja. Muuzaji hana ruhusa ya kukataa kurudishiwa kitu kama kimevunjika, kama si kile walionyesha, ao kama kilichelewa kuliko walivyosema. Kwa hiyo usiishie kubishana na kijana wa kubeba vifurushi. Andika kwa ule mutu wa malalamiko, na uchunge barua.

Wakinyamaza, unaita 1915. Ni namba ya serikali ya kusaidia wanunuzi, unaweza kuongea Kiingereza. Wanaipeleka shida yako kwa kampuni, na makampuni makubwa mara mingi hayapendi kuonekana pale. Na kama bado hawasikii, kuna tume ya wanunuzi katika kila wilaya. Unaweza kushitaki kule kwenye unaishi, hata kama kampuni iko mbali, hata kwa njia ya enternete. Kwa kitu chenye bei haipite rupia 500,000, ni kusema zaidi ya dolare 5,000, haulipe hata rupia moja ya kufungua dosie. Hauombwe kuwa na avoka; unaweza kujitetea mwenyewe. Uko na miaka mbili. Sitawadanganya: tume zile zinaweza kukawia, miezi, hata zaidi ya mwaka. Lakini kampuni yenye imepata barua ya tume mara mingi inakumbuka haraka namna ya kurudisha feza.

Mulango wa pili: muuzaji ni mwizi, na wewe mwenyewe ulimutumia feza. Duka la uongo, askari wa uongo, kode QR. Hapa tume ya wanunuzi haitakusaidia, juu haujue hata jina la kweli la mutu. Hapa unaita 1930. Ile namba ni ya wizi wa feza wa enternete kwa India yote. Pamoja nayo kuna ukurasa wa serikali wa kushitaki, cybercrime.gov.in. Kazi yao ya kwanza si kukamata mwizi. Kazi yao ya kwanza ni kufuata feza kutoka banki moja mupaka ingine, na kuzifunga pale watazikuta. Njo maana saa ya kwanza iko na bei kuliko wiki muzima yenye itafuata. Mwizi hachunge feza kwa konti moja. Anazigawanya kwa konti zingine, kisha zingine, kisha mutu anazitosha kwa mashini. Ukiita mbele ya ile mashini, kuna tumaini. Ukiita kisha siku ine, mara mingi unakuta konti tupu.

Mulango wa tatu: feza zilitoka kwa konti yako na wewe haukuruhusu. Haukuandika namba ya siri, haukutoa kode yenye banki inatuma, unaona tu ujumbe: rupia 18,000 zimetoka. Hapa unakimbia kwa banki yako. Banki kubwa ya serikali ya India ilitoa amri tarehe 6 mwezi wa 7, 2017: kama kosa si lako wala la banki, na ukijulisha banki katika siku 3 za kazi, haupoteze kitu. Kati ya siku ya 4 na ya 7, unaweza kupoteza sehemu yenye mupaka wake unajulikana. Kisha siku 7, banki inafuata kanuni yake yenyewe. Ukisha kujulisha, banki inaombwa kurudisha zile feza kwa konti yako katika siku 10 za kazi, hata mbele ya kumaliza uchunguzi. Na kama banki inasema ni kosa lako, ni banki yenye inapaswa kuonyesha ushahidi, si wewe.

Lakini sikilizeni vizuri: kama ulitoa mwenyewe namba ya siri ao kode, hasara ya mbele ya kujulisha inabaki juu yako. Yenye itafuata kisha kujulisha ni ya banki. Hata pale basi, kusema haraka kunaokoa kitu. Na kama banki inakuzungusha siku 30 bila jibu, kuna musuluhishi wa malalamiko wa ile banki kubwa ya serikali. Kumuandikia haulipe.

Saa ya kwanza

Tuchukue mufano. Tumuite Furaha, ni jina la mufano tu. Furaha iko Bengaluru. Saa tatu na dakika kumi ya usiku, analipa rupia 32,000, zaidi ya dolare 300, kwa kompyuta ya mutumba. Saa tatu na nusu, muuzaji hajibu tena. Saa tatu na dakika makumi ine, picha yake imepotea kwa WhatsApp.

Furaha anataka kulia. Alie, lakini kisha. Kwa sasa anafanya hivi.

Hafute mazungumuzo. Mutu akikasirika anataka kufuta kila kitu asione tena ile aibu. Ile aibu njo ushahidi wake. Tena hamutukane mwizi, wala hamuambie "ninaenda polisi". Ukimuambia, umemupa saa ya kukimbia.

Anaita 1930. Mbele ya kuita, anaandika kwa karatasi: jina lake, banki yake, feza ngapi, saa ngapi, namba ya malipo. Kwa UPI ile namba iko na tarakimu 12, iko katika historia ya malipo ya aplikasio. Anaandika pia adresi ya UPI ao namba ya telefone ya mwizi. Wenye kujibu wanaongea Kihindi, Kiingereza, na luga ya eneo lile. Kama Kiingereza chako bado ni cha kusukumana, ita mwanafunzi mwenzako Muhindi akae karibu yako. Si haya. Ni akili.

Kisha 1930, anaita banki yake, kwa namba yenye iko nyuma ya karta, si namba ya kutafuta kwa enternete. Anaomba wafunge njia ya kutoka feza.

Kisha anajaza ukurasa wa serikali, na anachunga namba yenye watamupa. Ile namba ni jina la dosie yake. Bila yo, kesho hakuna mwenye atakumbuka aliita.

Kisha anapiga picha za ekra: tangazo, profili ya muuzaji, mazungumuzo yote kuanzia neno la kwanza, risiti ya malipo. Kila picha ionyeshe tarehe na saa. Anazituma kwa email yake mwenyewe, juu telefone inaweza kupotea.

Usiku uleule, mbele ya kulala, anaandika ukurasa moja: kitu gani kilifanyika, saa kwa saa, bila matusi, bila hadisi ndefu. Ule ukurasa utamutumikia kwa polisi, kwa banki, kwa avoka, na kwa ofisi ya wanafunzi wageni wa iniversite yake.

Kwa polisi

Asubui Furaha anaenda polisi. Pengine watamuambia: "Hii si ya hapa, mwizi iko Rajasthan, nenda kule." Hapa haifai arudi nyumbani. Tangu tarehe 1 mwezi wa 7, 2024, sheria mupya ya India ya kufuata makosa inasema wazi: kituo chochote cha polisi kinaombwa kuandika kosa kubwa lenye polisi inaweza kufuata bila kungoja juge, hata kama lilitendeka fasi ingine. Wao wanaita ile "Zero FIR". Wakisha kuandika, wanakupa kopi bila kulipa. Wakikataa, unatuma maneno yako kwa maandishi kwa mukubwa wa polisi wa wilaya, na kama naye ananyamaza, unaenda kwa juge.

Wahindi wenyewe wako na neno juu ya wadanganyifu. Miaka mingi, udanganyifu ulikuwa katika kifungu cha 420 cha sheria yao ya makosa, mupaka leo mutu wa Delhi akitaka kusema fulani ni mwizi wa maneno, anasema ni "char sau bees", ni kusema 420. Katika sheria mupya ni kifungu cha 318, na mutu mwenye alidanganya mwengine mupaka akatoa mali yake anaweza kufungwa mupaka miaka 7. Kwa hiyo usifikiri unaenda kusumbua polisi na mambo ya watoto. Ni kosa lenye sheria yao inajua kwa namba na kwa utani.

Avoka wa bure, na avoka wa uongo

Sasa, kama dosie inakuwa nzito, nani atakusaidia bila feza? India iko na sheria ya mwaka wa 1987 juu ya musaada wa sheria. Katika kila tribinali ya wilaya kuna ofisi ya ule musaada. Namba yao ni 15100. Wadada, musikilize: sheria ile inapatia mwanamuke haki ya avoka wa bure bila kuangalia feza zenye iko nazo. Wakaka, nyinyi mutaombwa kuonyesha kama mapato yenu iko chini ya kiasi chenye eneo lile liliweka. Sheria inasema "kila mutu" mwenye iko katika yale makundi. Haisemi kila raia. Karibu yako tena kuna fakulte za sheria. Kanuni za baraza la ma-avoka la India zinaomba kila moja iwe na kliniki ya musaada wa sheria. Wanafunzi wa sheria pamoja na mwalimu wao wanaweza kukuandikia barua yenye kampuni ao banki itasoma mara mbili.

Lakini kuna mutego wa pili, na unauma kuliko wa kwanza. Ukisha kulalamika kwa Facebook, mutu anakuandikia: "Mimi niko avoka, ninarudisha feza zenye ziliibiwa, nitumie rupia 5,000 za kufungua dosie." Ni mwizi uleule, ao ndugu yake. Kule India, ma-avoka hawana ruhusa ya kujitangaza wala ya kulipwa sehemu ya feza zenye watashinda. Avoka wa kweli iko na namba katika baraza la ma-avoka la eneo lake, na hataona mubaya ukimuomba ile namba. Mwenye anakufuata na ahadi ya "asilimia mia", mufungie njia.

Woga wa viza

Ninajua woga wenye uko ndani ya wengi. "Nikienda polisi, bataanza kuangalia viza yangu, batanifukuza." Tuseme ukweli. Kama viza yako na kuandikishwa kwako kwa ofisi ya wageni viko sawa, kushitaki mwizi hakukufanyie kosa. Katiba ya India, kifungu cha 14, inapatia kila mutu mwenye iko juu ya udongo wake usawa mbele ya sheria. Na kifungu cha 21 kinalinda maisha na uhuru wa kila mutu. Kuna haki zingine zenye katiba inachungia raia tu. Hizi mbili si katika zile.

Lakini kama makaratasi yako yamekufa, usiende peke yako. Kwanza ongea na avoka ao na ofisi ya musaada wa sheria, kisha ofisi ya wageni ya iniversite. 1930 na banki unaweza kuita palepale. Na funzo kwa wote: andikisha kuja kwako katika siku 14 za kwanza vile viza ya masomo inaomba, na ujue tarehe ya mwisho ya viza yako vile unajua siku yako ya kuzaliwa. Mutu mwenye makaratasi yake iko sawa, mwizi hana kitu cha kumutishia.

Usiwe daraja la mwizi

Kuna neno moja gumu, na ninalisema kwa upendo. Zile feza zenye ziliibiwa zinapita fasi. Zinapita kwa konti za watu. Na kati ya wale watu, wezi wanatafuta wanafunzi, hata wanafunzi wageni. Wanakuja na utamu: "Nipe tu konti yako siku mbili, utachunga asilimia kumi." Ao: "Familia yako ilipe kwetu kule Kongo, siye tutakuwekea rupia hapa, bila banki." Unajua zile rupia zinatoka kwa nani? Pengine zinatoka kwa Furaha mwengine. Siku ileile polisi itafuata feza, itafika kwa jina lako. Konti yako itafungwa, na wewe utakuwa mushitakiwa mbele ya mwenye alikutuma. Yeye atakuwa amekwisha kubadilisha namba.

Konti yako ni jina lako. Haikopeshwe, haipangishwe. Hatuwezi kulia juu ya wezi wa kwetu wenye wanakula mali ya inchi, kisha tubebe mufuko wa wezi wa kule.

Yenye tunaomba

Kwa wale wenye wanaenda: andikeni leo namba hizi tatu katika telefone zenu, mbele ya kusahau. 1930 kwa mwizi. 1915 kwa muuzaji mubaya. 15100 kwa avoka. Katika kila muji kwenye Wakongomani wanasoma, muchague watu wawili wenye wanajua njia hii, ili mugeni mupya asianze kutafuta usiku peke yake. Chama cha wanafunzi kisikuwe cha kucheza mupira na cha kuchanga siku ya matanga tu.

Kwa ambasade yetu ya New Delhi: hatuombe muujiza. Tunaomba ukurasa moja, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Lingala, wenye kusema mwanafunzi mwenye aliibiwa aite nani. Tunaomba mutu moja mwenye anajibu telefone. Mwanafunzi wa Kongo si mutu wa kujulikana siku anakufa tu.

Kwa serikali ya Kinshasa: tangu tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, Kongo iko na sheria yake ya mambo ya enternete. Sheria ile haifai ikae katika kabati. Mama wa Uvira mwenye alitumiwa ujumbe wa uongo, "mutoto wako iko hospitali India, tuma feza", naye iko na haki ya kujua ataenda kushitaki wapi, na mwenye atamupokea awe anajua sheria.

Na kwa familia: mutoto akiwaita usiku na kusema "wameniiba", neno la kwanza lisikuwe "ulikuwa unafanya nini?" Neno la kwanza likuwe: "Umeisha kuita 1930?"

Hakuna mwenye anaweza kuwaahidi kama kila feza itarudi. Zingine hazitarudi. Lakini dosie yenye ilifunguliwa inafunga konti ya mwizi, na konti yenye imefungwa haitaiba mutu mwengine kesho. Hata kama wewe haukupata zako zote, umeziba njia mbele ya mwenye anakufuata nyuma. Siye tunaita ile kazi ya raia, na kazi ya raia haingoje urudi Kongo.

Sasa mulete maulizo, na wale wenye hawajaandika zile namba, tosheni telefone.